Siku mwanangu aliponiambia, "Baba, puliza!"

Tangu matokeo ya KCSE yatangazwe, mimi na kifungua mimba wangu tulikuwa tukisalimiana kupitia kwa mama yake. "Mama, mwambie Baba nimetoka." "Mama watoto, mwambie mwanao arudi mapema." Kijana alipata D. Mimi nilitaka arudie kidato. Yeye alisema hata akirudia mara tatu, mikono yake itabaki na akili kuliko kichwa. Maneno hayo, msomaji mpendwa, alimwambia mama yake, si mimi.

Ni mama huyo huyo aliyetupangia safari. Alisikia kuna karakana nje ya jiji ambako mtu asiyejua lolote hufundishwa kupuliza kioo kwa siku moja, akalipia watu wawili bila kuniuliza. Nilikwenda kwa sababu pesa zilikuwa zimeshatoka.

Kazi hii si ngeni nchini. Kule Kitengela, Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo vya rangi, na mwanawe, Anselm Croze, akaongeza ya kupuliza. Wengi wao hutumia vioo vilivyotupwa. Na kiungo kimoja kikubwa cha kioo tunakijua jikoni: magadi, yale yale yanayolainisha maharagwe, yakishasafishwa. Mchanga peke yake huyeyuka joto likikaribia digrii 1,700 za Selsiasi. Ukitiwa magadi na chokaa unakubali mapema zaidi. Magadi ya ziwa letu yamesafirishwa ng'ambo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mengi huishia viwandani kuwa chupa na madirisha.

Fundi hakuanza na moto. Alianza na nguo. Nailoni hapana, maana ikishika cheche hunata mwilini; viatu vya wazi hapana; miwani ya kukinga macho kwa kila mtu. Kisha akaweka vipande viwili vya kioo juu ya meza ya chuma, akauliza kipi ni cha moto. Hatukujua. Kioo kikishaacha kuwa chekundu, huwezi kukitofautisha na kilicholala hapo tangu jana. "Ndiyo maana hapa hamgusi kitu bila kuuliza," akasema.

Chupa tulizobeba kutoka nyumbani alizichambua, nyingine akazitenga kando. Kioo cha chupa na cha dirisha huenda visisinyae sawa vinapopoa. Ukiviyeyusha pamoja, chombo kitapasuka chenyewe hata kama hakuna aliyekigusa.

Halafu akatupa bomba la chuma lenye tundu katikati, urefu wake kama mita moja na nusu. Ndani ya tanuri, kwenye joto la digrii 1,100 hivi, kioo kimetulia kama uji, kinang'aa hadi macho yanauma. Unatumbukiza ncha ya bomba, unazungusha, unatoka na donge kama asali kwenye kijiti. Mimi nilidhani kazi ni kupuliza. La hasha! Kazi ni kuzungusha. Ukisimamisha mkono muda wa kukohoa tu, donge linaning'inia upande mmoja kama ute. Unazungusha ukitembea, unazungusha ukiketi, unazungusha ukijibu swali. Pumzi yenyewe ni kidogo: unapuliza, unaziba tundu kwa kidole gumba, na hewa iliyonaswa ndani inapata joto, inapanuka, kiputo kinajitokeza.

Nikaanza kueleza kwamba ujuzi huu ulianzia pande za Syria na Palestina katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, na kwamba kabla ya hapo chombo cha kioo kilikuwa cha matajiri tu. (Nilikuwa nimeyasoma hayo usiku uliotangulia, makusudi.) Kijana hakunijibu. Alikuwa akizungusha.

Kiputo changu cha kwanza kilikuwa cha mviringo kabisa. Nikasimama kukitazama. Fundi akasema nikirudishe motoni, nikamwambia, "Ngoja kidogo, Fundi." Ta! Kikapasuka, vipande vikatapakaa sakafuni. Ngozi ya nje hupoa na kusinyaa kabla ya ndani, na kioo hakiwezi kuvumilia mvutano huo, kama vile glasi baridi inavyopasuka ukiimwagia chai ya moto.

"Mzee, nilikuambia," akasema fundi, bila hasira.

Kisha akatupanga upya. Kijana aliketi kwenye benchi la fundi, bomba limelazwa juu ya mikono miwili ya benchi, akilizungusha kwa kiganja cha kushoto. Kulia alishika gazeti lililokunjwa na kuloweshwa maji, ambalo ndilo hukanda kioo cha moto kiwe na umbo. Moshi na mvuke vikapanda. (Sikutaka kujua lilikuwa gazeti gani, huenda nilikuwa nikikandia kazi yangu mwenyewe.) Mimi nikapigishwa magoti chini, kwenye ncha ya bomba, midomo tayari.

"Hapa aliyeketi ndiye mkubwa," fundi akanionya. "Yeye ndiye anayekiona kioo. Wewe subiri uambiwe."

Basi nikasubiri, magoti yakilia juu ya saruji. Kwa muda kulikuwa na sauti ya tanuri tu.

"Baba, puliza."

Nikapuliza.

"Polepole! Tena. Basi, basi!"

Sijaamrishwa hivyo tangu nikiwa shuleni. Lakini nilipotupa jicho nikaona mkono wake haukuwa umesimama hata mara moja. Kioo kikififia anakirudisha motoni, anakitoa, ananiita tena. Kila mara aliita "Baba", kwa kuwa hapakuwa na mama wa kutumwa. Walibana shingo kwa koleo, wakahamishia chombo kwenye fimbo nyingine ya chuma, wakapanua mdomo. Ikawa glasi, imeinama kidogo upande wangu.

Hatukuja nayo nyumbani. Kioo kipya hulazwa kwenye tanuri jingine, kama digrii 500, joto likishushwa taratibu usiku kucha ule mvutano uishe. Fundi alisema turudi kuichukua, na akamwambia kijana akija anaweza kubaki siku nzima akisaidia kufagia na kuangalia.

Suala la kurudia kidato bado halijaamuliwa. Nimemwomba aniandikie mafunzo ya kazi hiyo huchukua muda gani na gharama yake, naye ameandika nusu ukurasa.

Siku ya kuichukua glasi aliamka kabla yangu. Nilimkuta mlangoni akifunga viatu. Mama yake alikuwa jikoni, angeweza kumwita.

"Baba, nimetoka," akasema. "Nauli?"

Nikatia mkono mfukoni.