Treni kusimama si aibu, aibu ni kunyamaza

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na wale wanaocheka kila treni zinaposimamishwa kwa sababu ya mvua. "Maji kidogo tu, wameshindwa!" Niliyasikia hayo Aprili 2024, Kenya Railways iliposimamisha treni za abiria wa jiji la Nairobi wakati wa mafuriko.

Jamani, mmesahau tarehe 30 Januari 1993? Treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilifika kwenye daraja la mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, mafuriko yakiwa yameshalidhoofisha. Zaidi ya watu 100 walikufa. Treni hiyo haikufutwa. Laiti ingefutwa.

Wala msidhani haya ni ya kwetu tu. Tarehe 12 Agosti 2020 huko Carmont, Scotland, baada ya mvua kubwa ya asubuhi, treni iligonga mawe yaliyosombwa na maji hadi relini. Watu 3 walifariki. Dereva alikuwa ameuliza kama apunguze mwendo, akaambiwa aende kama kawaida. Alikuwa kwenye kilomita 117 hivi kwa saa, ndani ya mwendo unaoruhusiwa. Mvua ilijulikana, lakini hakuna aliyetoa agizo.

Sisi tunaoandika programu tunalijua kosa hili. Ukingoja mtu aamue wakati moto umeshawaka, ataamua vibaya au hataamua kabisa. Kiwango cha hatari huwekwa mapema, watu wakiwa wametulia. Kikifikiwa, mfumo unatenda bila kumpigia mkubwa simu.

Wajapani wamelifanya hili kuwa desturi. Oktoba 2014 kampuni ya JR West ilitangaza siku moja kabla kwamba treni za eneo la Osaka, Kyoto na Kobe zingesimama kwa sababu ya kimbunga. Kimbunga kikapita kwa upole kuliko ilivyohofiwa, na watu wakalalamika kama mnavyolalamika ninyi. Kampuni haikuacha. Septemba 2018 kimbunga Jebi kilipofika, kikasukuma meli hadi ikagonga daraja la uwanja wa ndege wa Kansai, treni zilikuwa zimeshasimamishwa na abiria walikuwa wameambiwa tangu jana yake.

Mtaniuliza, na hasara je? Mtu akose siku ya kazi? Ndiyo, hasara ipo. Lakini aliyeambiwa jana jioni hupanga: hulala kwa ndugu, hutafuta matatu mapema, humwarifu mwajiri. Asiyeambiwa hupata hasara ileile, tena akiwa amelowa.

Ila nisiwasifu Wajapani kupita kiasi. Kusimamisha ni nusu ya kazi. Aliyewahi kuzima seva anajua: kuzima ni dakika moja, kilio kiko kwenye kuwasha. Septemba 2019, baada ya kimbunga Faxai, JR East ilisema treni za Tokyo zingerudi mnamo saa mbili asubuhi. Ukaguzi ukachelewa, miti ilikuwa imeanguka relini, na watu walioamini saa ile wakajazana vituoni kwa foleni ndefu ajabu. Mwezi uliofuata, kimbunga Hagibis kilikuta treni 10 za shinkansen, mabehewa 120, zimeegeshwa Nagano, zikazama kwenye maji. Ramani ya mafuriko ya jiji ilikuwa imeshaonyesha kwamba eneo hilo hufurika. Data ilikuwepo, mpango wa kuzihamisha treni haukuwepo.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu, kwa kila anayeendesha treni hapa kwetu. Kwanza, tangazeni kiwango cha mvua na cha maji ya mto kinachosimamisha treni, tukijue kabla ya masika. Pili, tuambieni jana yake, kwa ujumbe mfupi unaoingia hata kwenye rununu ya bei ya chini. Tatu, msitaje saa ya kurudi kabla reli haijakaguliwa. Hayo hayahitaji satelaiti. Yanahitaji jedwali, kipimo cha mvua na mtu asiyeogopa kuchekwa.

Nanyi mnaocheka, siku moja treni itafutwa na mvua isinyeshe. Pandeni matatu, mfike nyumbani, mshukuru.