Mawe ya Western Breach na kofia za wapagazi

Nipo Kipalapala, Tabora, ambako theluji hatuijui, ila upagazi tunaujua: wazee wetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Makala yako imeiruka Western Breach, njia mojawapo ya kupandia Kilimanjaro. Januari 2006 mawe yaliporomoka karibu na kambi ya Arrow Glacier, yakaua Wamarekani watatu. Njia ikafungwa kwa muda. Barafu ndiyo inayoyashika mawe yale usiku. Jua likiipiga inalegea, mawe yanaachia. Ndiyo maana watu huondoka usiku wa manane, wapite kabla hakujapambazuka vizuri, wamevaa kofia ngumu. Mpagazi naye anapita palepale, amelemewa na mzigo. Mnaolipia safari, ulizeni kwanza kama naye ana kofia.