Mauzo ya jana si dhamana ya kesho: Funzo kutoka soko la Japani

WAFANYABIASHARA wengi na wenye hisa wadogo hupenda kupima bidhaa mpya kwa kutazama mauzo ya ile iliyoitangulia. Soko la mashine za michezo ya video nchini Japani linaonyesha kuwa kipimo hicho kinaweza kumtia mtu hasara kubwa.

Itazamwe kampuni moja tu, Nintendo ya Kyoto. Mashine yake ya Famicom, iliyoingia sokoni Julai 1983 kwa yen 14,800, iliuzwa zaidi ya milioni 19 nchini humo. Super Famicom ya mwaka 1990 ikafikia milioni 17. Kwa takwimu hizo, yeyote angeamini kuwa mashine ya tatu nayo ingepita milioni 15 bila taabu. Kumbe Nintendo 64 ya mwaka 1996 iliishia milioni 5 na nusu, na GameCube ya 2001 ikakomea milioni 4. Kisha Wii ya 2006 ikapanda hadi karibu milioni 13, na Wii U ya 2012 ikaporomoka hadi milioni 3 na kidogo.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni suala la bei. Hoja hiyo haina nguvu. Super Famicom, Nintendo 64, GameCube na Wii zote zilianza kuuzwa Japani kwa yen 25,000. Kampuni ni ile ile, bei ni ile ile na nchi ni ile ile, lakini mauzo yalipishana hadi zaidi ya mara nne.

Kilichobadilika ni michezo na watengenezaji wake. Nintendo 64 iling'ang'ania kaseti, ambazo zilikuwa ghali kutengeneza na zenye nafasi ndogo, wakati Sony, iliyoingia na PlayStation Desemba 1994, ilitumia diski za gharama nafuu. Kampuni ya Square, ambayo michezo yake ya Final Fantasy ilikuwa ikitoka kwenye mashine za Nintendo, ikahamia kwa Sony na kutoa Final Fantasy VII Januari 1997. Wateja wakaifuata michezo, si jina lililoandikwa kwenye boksi. Wii nayo ilipanda kwa sababu ilivuta hata watu ambao hawakuwa na mazoea ya kucheza. Wii U ikakosa mvuto huo.

Hata rekodi zinahitaji kupimwa kwa mizani ya haki. Switch, iliyotoka Machi 2017, imeuzwa zaidi ya milioni 35 nchini Japani, na mwenye haraka atasema soko limekua karibu mara tatu tangu Wii. Sivyo. Switch ni mashine ya sebuleni na ya mkononi kwa pamoja. Enzi za Wii, kazi hizo zilifanywa na mashine mbili, kwani kulikuwa pia na DS ya mkononi, iliyouzwa karibu milioni 33. Zikijumlishwa, hizo mbili zinapita milioni 45. Anayenunua hisa kwa bei ya juu akiamini kuwa soko limekua mara tatu anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Switch 2 ilianza kuuzwa Juni 2025, na toleo lake la Kijapani lilianza kwa yen 49,980. Kabla ya kutoa fedha, mwenye mtaji anapaswa kuuliza maswali matatu: nani anaitengenezea michezo, inavuta wateja gani wapya, na inachukua nafasi ya mashine ngapi za zamani. Mwenye duka naye asijaze ghala kwa sifa za mashine iliyopita. Sifa hizo zilishalipwa, na waliozilipia ni wateja wa jana.