Ukurasa wa Vijana na Kazi: Mkanda wa Injini na Pampu ya Maji

Vijana wengi hujua kuendesha gari kabla hawajajua kilichomo ndani yake. Hilo si kosa la kulaumiwa. Lakini mwenye kuwachukua watu ana amana ya roho zao mikononi mwake, na amana hailindwi kwa kubahatisha. Mwezi huu twapenda kueleza habari za vitu viwili vilivyofichika mbele ya injini: mkanda ambao mafundi huuita belti ya taimingi, na pampu ya maji. Tumeichagua wilaya ya Rungwe iwe mfano wetu, kwa kuwa barabara za huko hazichelewi kuufichua udhaifu wa vitu hivi.

Atokaye Kyela kwenda Tukuyu huanza safari yake karibu na Ziwa Nyasa, mahali palipo mita 500 hivi juu ya bahari, penye joto la mpunga na kakao. Afikapo Tukuyu amekwisha panda hadi mita 1,600 hivi. Akiendelea kwenda Mbeya hupanda tena mpaka Isongole, penye baridi na mashamba ya viazi, kisha huteremkia Uyole. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi ukungu huifunika njia. Basi katika kupanda, injini hutaabika kwa joto. Na katika kuteremka, usalama wa abiria hutegemea breki na usukani. Vitu viwili tuvitajavyo vina mkono katika mambo hayo yote.

Na tuutazame mkanda kwanza. Ndani ya injini mna mhimili uzungushwao na pistoni, nao ni krenkshafti. Na mna mwingine ufunguao na kuzifunga valvu, nao ni kamshafti. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu, wala haifai mmoja umtangulie mwenziwe hata kidogo. Injini izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 katika sekunde moja. Kinachoshika mwendo huo ni mkanda wa mpira wenye meno, uliotiwa nyuzi imara ndani yake.

Mkanda huo ukikatika, valvu nyingine hubaki wazi, na pistoni huja ikazigonga. Katika injini za dizeli, kama zile za Toyota Hiace zichukuazo abiria, nafasi baina ya pistoni na valvu ni ndogo mno. Kwa hiyo aghalabu valvu hupinda, na huenda pistoni ikaharibika pia. Injini nyingine za petroli, mathalan 3S-FE iliyomo katika Noah na RAV4 za zamani, zimeachiwa nafasi ya kutosha, nazo husimama bila kuvunjika. Lakini kusimama katika mteremko wenye utelezi si jambo dogo. Injini ikizima, usukani huwa mzito, na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache.

Si kila gari lina mkanda huu. Toyota IST na Probox zenye injini ya 1NZ-FE hutumia mnyororo, na malori mengi makubwa hutumia gia. Mwenye gari na aulize la kwake ni la namna gani, asije akauziwa kitu asichokihitaji, au akakiacha kile kimpasacho.

Ama pampu, kazi yake ni kuyasukuma maji yazunguke baina ya injini na rejeta. Rungwe ni nchi ya mito na vijito, na dereva ambaye gari lake limechemsha hupata maji karibu kila penye daraja. Maji hayo humwokoa siku moja. Lakini akiyafanya kuwa desturi, huleta kutu, na mchanga uliomo husugua sili ya pampu mpaka ikavuja. Kulanti ndiyo impasayo, kwa kuwa huzuia kutu na pia hutokota kwa joto kubwa zaidi. Tena, katika kimo cha Tukuyu maji matupu yasiyofunikwa hutokota kwa nyuzi 95 hivi, si 100 kama pwani. Kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho Dar es Salaam hakikuleta madhara, mlimani huweza kulifanya gari lichemshe. Wala kifuniko hicho kisifunguliwe injini ingali moto, kwani maji huruka na kumchoma mtu.

Kwa nini basi twasema vitu hivi vibadilishwe pamoja? Kwa sababu katika injini nyingi, nayo 3S-FE ni mojawapo, mkanda huo huo ndio uizungushao pampu. Beringi ya pampu ikikwama, mkanda huharibika ingawa ni mpya. Na sili ikivuja, maji huulowesha. Zaidi ya hayo, fundi hawezi kuifikia pampu mpaka auvue mkanda. Mtu aliyebadilisha mkanda peke yake, na pampu ikamfia mwaka wa pili, atalipa ufundi ule ule mara mbili. Kadhalika na itazamwe puli ya kukaza mkanda pamoja na sili za mafuta zilizo hapo mbele.

Jambo kubwa tutakalo lishikwe ni hili: mkanda huu hauna desturi ya kutoa habari kabla ya kukatika. Mkanda wa feni hulia, na tairi huonekana likiisha. Huu umefunikwa, na hukatika gari likienda vizuri. Kwa hiyo hubadilishwa kwa hesabu, si kwa dalili. Watengenezaji wengi hutaja kilomita 100,000, na wengine 150,000, pamoja na ukomo wa miaka, kwani mpira huchakaa hata gari likikaa. Katika Toyota nyingi za dizeli mna taa iandikwayo T-BELT, ambayo huwaka hesabu ikitimia. Lakini taa hiyo huhesabu kilomita tu, wala haiutazami mkanda wenyewe.

Magari mengi yetu hutoka Japani yakiwa yametumika. Chini ya boneti au mlangoni huwapo karatasi iliyobandikwa, yenye tarehe na kilomita za mkanda uliobadilishwa. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya Kijapani: ukiwa wa Heisei, ongeza 1988; ukiwa wa Reiwa, ongeza 2018. Heisei 25, basi, ni mwaka 2013. Na muuzaji ajuaye kwamba mkanda umepitwa na wakati, naye akanyamaza ili apate bei, ameficha aibu ya bidhaa yake. Biashara ya namna hiyo haina baraka.

Ewe kijana ujifunzaye ufundi, fanya kazi hii injini ikiwa baridi na waya wa betri umefunguliwa. Maji yakiisha mwagwa, ilete pistoni ya kwanza juu kabisa, ulinganishe alama za puli kabla ya kuuvua mkanda. Ukiisha uvua, usiizungushe krenkshafti wala kamshafti ovyo. Safisha mahali pa pampu, utie gasketi mpya, na mkanda mpya usiukunje wala kuupaka mafuta. Ukiisha ukaza, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha zitazame alama tena. Ukihisi kizuizi, simama papo hapo, usitumie nguvu. Mwisho jaza kulanti, utoe hewa, uchunguze kama panavuja.

Kisha andika tarehe na kilomita katika kadi, uibandike chini ya boneti. Kadi hiyo itamfaa mwenye gari, na yule atakayelinunua baada yake, na abiria asiyekujua, aliyelala katika kiti cha nyuma gari likiteremka kwenda Kyela katika mvua.