Baraza Moja, Vyama Viwili

Ndugu msomaji, umepata kufika Mji Mkongwe, Unguja? Jioni watu huketi juu ya baraza za mawe, kikombe cha kahawa chungu mkononi, wakijadili nchi itakuwaje kesho. Ni desturi njema. Lakini baada ya uchaguzi wa kwanza, mwaka 1957, mjadala huo uligeuka uadui. Baadhi ya wenye mashamba wa Hizbu waliwafukuza wakulima wa Afro-Shirazi; hao nao wakasusia maduka. Juni 1961, siku za uchaguzi, watu 68 waliuawa. Baada ya uchaguzi wa 1995 ubaya ule ulirudi: jirani akamsusia jirani hata mazikoni.

Dawa ilikuwa nini? Novemba 2009 Rais Amani Karume na mpinzani wake, Maalim Seif Sharif Hamad, waliketi wakazungumza. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura. Theluthi mbili hivi wakakubali serikali ya umoja. Vyama vilibaki viwili. Ugomvi ulizuka tena baadaye, lakini njia ya kupatana imekwisha julikana.

Je, nyumbani kwako? Baba yu chama hiki, kijana wake chama kile, na chakula cha jioni hakiliki kwa makelele. Bishaneni, si dhambi. Lakini jirani wa chama kingine akifiwa, chukua jembe uende. Kura ni ya siku moja. Kaburi lako litachimbwa na jirani.