Kinda Akiteuliwa, na Achezeshwe

Kila mwaka michezo ya shule za upili inapomalizika, mjadala mmoja huzuka upya hapa Kakamega, katika vyumba vya walimu na kandokando ya uwanja wa Bukhungu. Yuko mvulana wa kidato cha nne aliyefunga mabao tele. Ana mbio za swara na mguu wa kushoto unaowatoa mabeki jasho, ingawa bado hajui lini atoe pasi na lini apige. Je, klabu inayowania ubingwa wa ligi kuu imtie kikosini, au imwache akomae kwanza? Wanaomtaka hukimbilia methali: samaki mkunje angali mbichi. Wanaompinga hujibu kwamba ubingwa hauwaniwi kwa majaribio.

Mimi naegemea upande wa wanaomtaka, lakini kwa sharti ambalo aghalabu hawalitaji. Methali ile haisemi samaki mbichi atiwe kapuni. Inasema akunjwe, na kukunja ni kazi ya mkono. Kwa mchezaji, kazi hiyo hufanyika katika dakika za mechi.

Hoja ya wapinzani si ya kubezwa. Msimu wa 2021/22, Kakamega Homeboyz na Tusker walimaliza ligi wakiwa na pointi sawa, na Tusker wakatangulia kwa tofauti ya mabao. Ni kweli kwamba msimu ule ulizongwa na mizozo ya uongozi wa kandanda nchini, lakini mashabiki wa hapa bado wanaikumbuka hesabu ile. Mkufunzi aliyeonja uchungu wa namna hiyo atasita kumkabidhi mtoto kazi ya kufunga. Namwelewa. Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Timu iliyokosa taji kwa tofauti ya mabao ilihitaji mabao zaidi hata katika mechi ilizoshinda. Inapoongoza kwa mabao mawili, zimesalia dakika 20, na mabeki wa upinzani wamekwisha kuchoka, hapo ndipo kijana mwenye kasi na uchu wa kufunga huwa na faida kubwa. Akikosea, hasara ni ndogo.

Mfano unaotumiwa sana kuwatisha wakufunzi ni ule wa timu ya taifa ya Uingereza katika Kombe la Dunia la 2006. Sven-Göran Eriksson alimteua Theo Walcott, mwenye umri wa miaka 17, ambaye hakuwa amekichezea kikosi cha kwanza cha Arsenal hata mechi moja. Washambuliaji walikuwa wanne tu, na Wayne Rooney alikuwa ndiyo kwanza anapona mguu. Michael Owen akaumia goti katika mechi dhidi ya Uswidi. Rooney akaonyeshwa kadi nyekundu katika robo fainali dhidi ya Ureno, na Uingereza ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Katika mashindano yote hayo Walcott hakuingia uwanjani hata dakika moja. Wengi husema hilo ni funzo la kutoteua watoto. Mimi naona vingine. Eriksson angeweza kumwacha nyumbani na kumchukua mtu mzima, au angeweza kumchezesha. Alichagua njia ya tatu, ambayo ni mbaya kuliko zote mbili: alimteua asimwamini.

Mniwie radhi kwa mazoea ya kazi yangu, lakini Kiswahili chenyewe kinatupa mwanga hapa. Kuteua ni tendo la kalamu. Huisha orodha inapokwisha kusomwa. Kuchezesha ni kitenzi cha usababishi: yuko mtu anayemfanya mwingine acheze, na lawama ya matokeo humrudia yeye. Wakufunzi wetu wengi hukipenda kitenzi cha kwanza.

Na waliothubutu kukitumia cha pili? Mnamo Julai 2003, Dennis Oliech alikuwa na umri wa miaka 18. Bao lake dhidi ya Cape Verde jijini Nairobi ndilo lililoipeleka Harambee Stars katika fainali za Kombe la Afrika za 2004 nchini Tunisia, fainali ambazo Kenya ilikuwa haijazifikia tangu 1992. Na pale ambapo dakika hazipatikani, iko njia nyingine ya uungwana. Gor Mahia walimchukua Benson Omala akitoka Kisumu Day, wakamwazima kwa Western Stima ili acheze, kisha wakamrejesha. Katika msimu wa 2022/23 alifunga mabao 26, na Gor Mahia wakatwaa ubingwa.

Nayasema haya kwa sababu gharama ya benchi hailipwi na klabu. Niliwahi kumfundisha chuoni kijana aliyerejea masomoni akiwa na umri wa miaka 24. Alikuwa ameacha shule kabla ya mtihani wa KCSE ili ajiunge na klabu moja ambayo sitaitaja, na baadaye ikambidi aufanye mtihani huo kama mtahiniwa wa kibinafsi. Kwa misimu miwili alisafiri na timu, akavaa jezi, akapasha misuli moto kando ya mstari. Alipozijumlisha dakika zote alizocheza, hazikutosha kipindi kimoja.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo anapojiwa na meneja wa klabu, asiishie kuuliza habari za mshahara. Aulize kijana atacheza mechi zipi, ataazimwa wapi asipopata nafasi, na ni nani atakayehakikisha anaufanya mtihani wake wa mwisho. Ayataka majibu hayo kwa maandishi, mzazi akiwapo. Asipoyapata, kijana arudi darasani.