Kitabu cha 2014 hakijaoza

Najua nimepotea, mitihani ya katikati ya muhula ilinibana kwelikweli, ila leo lazima niandike maana nimekereka.

Kwenye kundi letu la kucheza Dungeons & Dragons hapa Minneapolis (kwa mlioko nyumbani msioujua mchezo: watu watano sita mnakaa mezani, mmoja anasimulia na kuongoza, wengine kila mtu na mhusika wake, mchawi, mpiganaji au mwizi, halafu dadu la pande 20 ndilo linaamua kama upanga umempata zimwi au umekata hewa) imepita hoja kwamba kuanzia muhula ujao kila mchezaji awe na kitabu kipya cha 2024. Asiye nacho akae pembeni atazame kwanza. Eti cha 2014 kimepitwa.

Kimepitwa na nini jamani? Ni maziwa?

Tuanze na hela, maana ndiyo inayouma. Player's Handbook mpya bei yake ni dola 49.99. Anayeongoza akitaka vitabu vyote vitatu, hapo ni kama dola 150. Kuna mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu wa Mombasa, alinunua kitabu cha 2014 mtumba, akakisoma mpaka kurasa zikaanza kulegea. Mhusika wake ni mganga na ndiye aliyetuokoa mara mbili na joka. Huyo sasa ndiye anaambiwa akae pembeni. Anafanya kazi jikoni kwenye bwalo la chuo, wadau, tusijifanye hatujui dola 50 ni saa ngapi za kuosha masufuria.

Msinielewe vibaya, mimi si wale wazee wanaoamini kila kipya ni takataka. Huu mchezo umebadilika tangu uzaliwe, na umezaliwa huku huku kwetu. Dave Arneson alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor hapa hapa Minneapolis na St. Paul tangu 1971, kisha yeye na Gary Gygax wa kule Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa vijitabu vitatu ndani ya boksi mwaka 1974. Baadaye mambo yalihitaji kurekebishwa, na kuna marekebisho napiga makofi. Zamani kwa mfano, deraya ikiwa na namba ndogo ndiyo nzuri, na kujua kama umempiga adui ulikuwa unatoa namba kwa namba kama uko kwenye mtihani wa hesabu darasa la saba. Toleo la tatu, mwaka 2000, likageuza: rusha dadu, jumlisha, kubwa ndiyo nzuri. Basi. Hiyo ni sababu ya kununua kitabu.

Lakini miaka mitatu tu baadaye, 2003, wakatoa 3.5. Vitabu vile vile, marekebisho hapa na pale, na watu wakafungua pochi tena. Mwaka 2008 likaja la nne ambalo lilibadilisha mambo kiasi kwamba wengi walikataa kuhama. Na hawakuwa wakaidi tu. Sheria za toleo la tatu zilikuwa zimetolewa kwa leseni ya wazi tangu 2000, kwa hiyo kampuni ya Paizo ikazichukua, ikazinoa, na 2009 ikatoa Pathfinder. Watu wakaendelea kucheza walichokipenda, na mbingu haikuanguka.

Halafu Januari 2023 mnakumbuka? Wizards of the Coast walitaka kuibadilisha leseni ile, rasimu ikavuja, watu wakawaka na kufuta uanachama wao wa kulipia kule D&D Beyond. Mwezi haujaisha, kampuni ikaziweka sheria za msingi za toleo la tano chini ya Creative Commons. Maana yake hata wenyewe hawawezi tena kuzinyang'anya. Agosti 2024 tena, wakatangaza kwamba kwenye karatasi za wahusika za D&D Beyond uchawi wa zamani utabadilishwa na ule mpya. Kelele zikapigwa, siku chache tu wakarudi nyuma.

Kwa hiyo angalieni kichekesho. Muuzaji mwenyewe anasema vitabu vipya vinaendana na vya zamani. Muuzaji mwenyewe alishindwa kuwalazimisha watu. Halafu sisi wanafunzi, tusiolipwa hata senti, ndio tunamfanyia kazi ya kuwafukuza wenye kitabu cha zamani!

Najua mtasema tutachanganyana mezani. Sawa, tofauti zipo. Uchawi wa kuponya majeraha umeongezwa nguvu, dadu mbili za pande nane badala ya moja. Wapiganaji wamepewa mbinu mpya za silaha. Nyongeza za uwezo wa mhusika sasa zinatokana na maisha yake ya nyuma, si kabila la viumbe alilozaliwa nalo (na hili nalipenda sana). Sasa hizo zinashindikana kuandikwa kwenye karatasi moja ubandikwe ukutani? Anayeongoza kazi yake ni nini kama si kuamua? Na sheria za msingi za 2024 nazo zipo bure mtandaoni, anayetaka kulinganisha alinganishe.

Mwenye hela anunue kipya, picha zake ni kali na kimepangwa vizuri kuliko cha mwanzo, sikatai. Ila hoja ile irudishwe kikaoni ipigiwe kura upya, safari hii mganga wetu akiwepo, maana ilipopitishwa alikuwa zamu jikoni.

Kikao ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Mnaokuja njooni na kitabu chochote mlicho nacho.